Shahada ya uzamili ya habari: Nani atarudi kwenye redio ya Nyunzu?

Kijana wa Nyunzu anayetaka kusomea uandishi wa habari mpaka shahada ya uzamili hana budi kuondoka nyumbani. Atasubiri treni isiyo na uhakika au atapanda pikipiki mpaka Kalemie. Kutoka hapo ataanza kutafuta namna ya kufika Lubumbashi, au nauli ya ndege ya kwenda Kinshasa. Akimaliza masomo, atakuta sababu za kubaki mjini ni nyingi kuliko sababu za kurudi.

Katika nchi yenye vita, bei zinazopanda na barabara mbovu, hilo linaweza kuonekana jambo dogo. Lakini Nyunzu ni mahali ambapo redio ndiyo gazeti, ndiyo televisheni na ndiyo ubao wa matangazo. Uwezo wa mtu aliyeshika kipaza sauti unaweza kuamua kama watu watalala majumbani mwao au watakimbilia porini.

Mambo mawili yameupa uzito mpya mjadala kuhusu elimu ya waandishi wa habari katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. La kwanza ni sheria. Machi 13, 2023, serikali ilitoa sheria mpya ya uhuru wa vyombo vya habari kuchukua nafasi ya ile ya Juni 22, 1996. Hiyo ilikuja mwaka mmoja baada ya mkutano mkuu wa sekta ya habari uliofanyika Kinshasa Januari 2022. La pili ni mageuzi ya vyuo vikuu, ambayo yamebadili hata maana ya majina ya shahada.

Swali lililobaki ni kama mambo hayo mawili yatamfikia mtangazaji wa wilayani, au yataishia kwenye kumbi za mji mkuu.

Asubuhi ya Mei 1

Nyunzu ni moja ya wilaya sita za jimbo la Tanganyika, au teritware kama wenyeji wanavyosema. Nyingine ni Kalemie, Kabalo, Kongolo, Manono na Moba. Jimbo hilo lilizaliwa mwaka 2015, Katanga ya zamani ilipogawanywa kuwa majimbo manne. Lilizaliwa likiwa tayari na jeraha. Tangu mwaka 2013, uhasama kati ya Watwa na jirani zao wa Kibantu, hasa Waluba, ulikuwa umegeuka kuwa mapigano ya mishale, mapanga na uchomaji wa vijiji.

Aprili 30, 2015, wapiganaji wa Kiluba walishambulia kambi ya watu waliohama makwao mjini Nyunzu. Shirika la Human Rights Watch, katika taarifa yake ya Agosti mwaka huo, lilisema Watwa wasiopungua 30 waliuawa.

Fikiria kazi ya mtangazaji yeyote wa eneo hilo asubuhi iliyofuata, Mei 1. Ana dakika chache kabla ya kufungua matangazo. Watu wanapiga simu, kila mmoja na idadi yake ya waliokufa. Mmoja anasema wauaji ni "Waluba", kana kwamba kabila zima lilishika mapanga. Mwingine anasema ilikuwa "kulipiza kisasi" kwa vijiji vilivyochomwa awali. Mtangazaji mwenyewe anatoka upande mmoja, na familia yake inajulikana mtaani.

Ana maamuzi matatu ya kufanya, na yote ni ya kitaaluma. Atataja idadi gani, na ya nani? Ataeleza kabila la waliouawa na la waliowaua, au atanyamaza na kuuacha uvumi ujaze nafasi? Na neno "kulipiza kisasi", ambalo linaeleza sababu na wakati huohuo linaelekea kuhalalisha, atalisoma hewani au atalifuta?

Hakuna mtu anayezaliwa akijua majibu hayo. Wengine huyapata kwa miaka ya kazi chini ya mhariri mzuri. Wengine huyapata darasani, kwa kusoma matukio ya mahali pengine ambako neno moja la redio liligharimu maisha. Katika redio nyingi za wilayani, mhariri mzoefu hayupo, na darasa liko mbali.

Shahada zilizobadilika maana

Kwa miongo mingi, ngazi ya chuo kikuu nchini Congo ilikuwa na mpangilio uliojulikana na kila familia. Miaka mitatu ya kwanza ilimpa mwanafunzi "gradua". Miwili iliyofuata ilimpa "lisansi". Hapo alikuwa ameketi darasani miaka mitano, na wengi waliishia hapo. Wachache walioendelea walisoma diploma ya juu ya utafiti, kisha uzamivu.

Sheria ya elimu ya Februari 11, 2014 ilifungua njia ya mfumo mwingine, ule wa lisansi, masta na uzamivu unaotumika katika nchi nyingi. Utekelezaji wa jumla ulianza mwaka wa masomo wa 2021-2022. Sasa lisansi ni miaka mitatu yenye krediti 180, na masta ni miaka miwili yenye krediti 120. Uzamivu unafuata.

Kwenye karatasi mabadiliko hayo ni rahisi. Mtaani yameleta utata. Neno lilelile, lisansi, lina maana mbili kulingana na mwaka ambao mtu alihitimu. Mtangazaji wa umri wa miaka 45 mwenye lisansi ya zamani alisoma miaka mitano. Kijana mwenye lisansi mpya amesoma mitatu. Mwajiri wa Kalemie anayepokea barua zao mbili mezani lazima ajue tofauti hiyo, la sivyo atamdhulumu mmoja wao.

Kuna tokeo lingine ambalo halizungumzwi sana. Zamani, miaka mitatu ya gradua ilionekana kuwa nusu ya safari, na familia ilijua kuna miwili imebaki. Leo miaka mitatu inatoa shahada kamili. Kwa mzazi anayeuza mihogo na mafuta ya mawese ili kulipa karo, hiyo ni sababu nzuri ya kusema yatosha. Masta inageuka kuwa kitu cha ziada, cha mwenye uwezo au mwenye mfadhili.

Madarasa yako mbali

Shule kongwe ya uandishi wa habari nchini iko Kinshasa. Ilianzishwa mwaka 1973 kwa jina la ISTI, ikageuzwa IFASIC, na sasa ni chuo kikuu kamili cha sayansi za habari na mawasiliano, UNISIC. Sehemu kubwa ya majina yanayosikika katika redio na televisheni za mji mkuu yamepitia hapo.

Kwa watu wa Katanga ya zamani, mlango wa karibu zaidi umekuwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho kinafundisha sayansi za habari na mawasiliano ndani ya kitivo cha fasihi. Kalemie nayo ina chuo kikuu chake, UNIKAL. Hata hivyo, mwanafunzi wa habari anayetaka walimu wa uzamivu, studio na maktaba bado huelekeza macho yake kusini au magharibi.

Upande wa pili wa ziwa kuna milango mingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule ya uandishi wa habari inayotoa shahada ya uzamili. Shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza mwaka 1970, na Makerere imekuwa ikifundisha fani hiyo tangu mwaka 1988. Congo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo vyuo hivyo sasa viko ndani ya jumuiya moja na Nyunzu.

Lakini hapo kuna kikwazo cha lugha, na ni kikwazo cha ajabu. Mtangazaji wa Nyunzu anafanya kazi kwa Kiswahili, sawa na mwenzake wa Kigoma. Wakikutana bandarini wataelewana bila mkalimani. Wakitaka kusoma masta, mmoja ataisomea kwa Kifaransa na mwingine kwa Kiingereza. Lugha inayobeba habari za mamilioni ya watu pande zote mbili za ziwa siyo lugha ya darasa linalowaandaa watoa habari wao.

Gharama ya jambo hilo inaonekana kwenye taarifa yenyewe. Mhitimu anarudi na istilahi za mgogoro, za uchaguzi na za uchimbaji madini katika lugha ya kigeni. Anapofungua kipaza sauti inambidi atafsiri papo hapo, na mara nyingine msikilizaji anabaki na neno la Kifaransa lililovaa kiambishi cha Kiswahili.

Njia nne za kazi

Mtu mwenye shahada ya uzamili ya habari katika jimbo la Tanganyika ana njia kuu nne mbele yake. Kila moja ina faida yake na bei yake.

Ya kwanza ni redio za jamii. Hizi ndizo zinazosikika vijijini na ndizo zenye fedha kidogo zaidi. Mapato yao hutegemea komunike za misiba na vitu vilivyopotea, salamu, vipindi vya makanisa, na miradi ya mashirika inayokuja na kuondoka. Watangazaji wengi wa redio za namna hii nchini hufanya kazi kwa kujitolea au kwa posho ndogo, huku wakifundisha shule, wakilima au wakifanya biashara. Redio ya aina hiyo haiwezi kumlipa mwenye masta, hata ikimhitaji kuliko taasisi nyingine yoyote.

Ya pili ni vyombo vikubwa. Redio Okapi, iliyoanza kurusha matangazo Februari 25, 2002 kwa ushirikiano wa Umoja wa Mataifa na shirika la Uswisi la Fondation Hirondelle, iliwaonyesha Wakongomani kwamba mwandishi anaweza kulipwa kwa wakati na kuhaririwa kwa ukali. Inatangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Zaidi ya hapo kuna idhaa za Kiswahili za BBC, Deutsche Welle, RFI na Sauti ya Amerika, ambazo kwa miaka mingi zimechukua wawakilishi mashariki mwa Congo.

Njia hiyo imeanza kuwa nyembamba. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, uliondoka katika jimbo la Tanganyika mwishoni mwa Juni 2022, na nafasi za kazi zilizofungamana na ofisi yake ya Kalemie zikaenda nao. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ikiwemo ile iliyokuwa ikisaidia vyombo vya habari, kisha Machi mwaka huo ikaifunga kwa sehemu kubwa Sauti ya Amerika. Kwa mwandishi wa mashariki mwa Congo, hayo hayakuwa mambo ya Washington. Yalihusu karo ya watoto.

Njia ya tatu ni ofisi za mawasiliano: za mashirika ya misaada, za magavana na mawaziri, za makampuni ya madini. Huku ndiko shahada ya uzamili inakolipa. Tangazo la kazi linataka mtu anayeandika ripoti kwa Kifaransa safi, anayejua kupiga picha, kuendesha kurasa za mitandao na kupanga kampeni ya chanjo. Mhitimu wa habari anayo yote hayo. Anachoacha ni kazi ya kuuliza maswali, kwa sababu sasa analipwa kuyajibu.

Ya nne ni kufundisha. Kadiri lisansi mpya inavyokuwa ya miaka mitatu, masta inakuwa tiketi ya kuingia kwenye ukufunzi wa chuo kikuu, na uzamivu ndio mlango wa uprofesa. Nchi inahitaji walimu hao. Lakini ngazi hiyo ni ndefu, na wasimamizi wa tasnifu za uzamivu katika fani hii ni wachache.

Ukizitazama njia hizo nne kwa pamoja, jambo moja linajitokeza. Elimu ya juu ya habari inalipa zaidi pale inapomtoa mtu nje ya chumba cha habari. Si kosa la wahitimu. Mtu aliyekopa kwa wajomba ili asome hawezi kulaumiwa kwa kuchagua mshahara.

Shahada si kinga

Kuna hoja nzito dhidi ya imani kwamba masomo ya juu peke yake yanatengeneza redio salama, na hoja hiyo iko jirani kabisa na Congo.

Ferdinand Nahimana alikuwa profesa wa historia mwenye shahada ya uzamivu kutoka Paris. Alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi. Desemba 3, 2003, mahakama ya kimataifa mjini Arusha ilimtia hatiani pamoja na Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze katika kesi iliyokuja kujulikana kama kesi ya vyombo vya habari. Katika rufaa ya mwaka 2007 kifungo chake cha maisha kilipunguzwa hadi miaka 30.

Kwa hiyo tatizo la RTLM halikuwa ukosefu wa wasomi. Msomi alikuwepo, na usomi wake uliipa chuki sura ya hoja. Yeyote anayependekeza masta kama dawa ya lugha ya uchochezi Nyunzu lazima aieleze kesi hiyo kwanza.

Vilevile shahada haimkingi mwandishi na risasi. Serge Maheshe, aliyekuwa katibu wa uhariri wa Redio Okapi mjini Bukavu, aliuawa Juni 2007. Mwenzake wa redio hiyohiyo, Didace Namujimbo, aliuawa katika mji huohuo Novemba 2008. Shirika la Journaliste en Danger, lililoanzishwa Kinshasa mwaka 1998, limekuwa likiorodhesha mashambulizi dhidi ya waandishi kila mwaka tangu hapo.

Kama shahada haitengenezi uadilifu na haizuii risasi, inabaki na kazi gani?

Kile ambacho darasa linaongeza

Jibu liko kwenye aina ya habari ambazo jimbo la Tanganyika linazitoa siku hizi. Si habari nyepesi.

Manono, wilaya jirani, ina moja ya akiba kubwa za lithiamu zinazojulikana duniani. Kampuni ya AVZ ya Australia, kampuni ya Zijin ya China, shirika la serikali la Cominière na, siku za karibuni, kampuni ya KoBold ya Marekani zote zimehusika katika mvutano kuhusu nani ana haki ya kuchimba. Mvutano huo umefika mpaka kwenye usuluhishi wa kimataifa. Mwandishi wa Kalemie anayetaka kuwaeleza watu wa Manono kinachotokea kwenye ardhi yao anapaswa kusoma leseni ya uchimbaji, kuelewa hisa na kufuatilia shauri la usuluhishi. Bila uwezo huo atabaki kusoma taarifa za kampuni kama zilivyo.

Ziwa nalo lina habari zake. Maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda katika miaka ya karibuni na kuzifikia nyumba za watu wa Kalemie. Mto Lukuga ndiyo njia pekee ambayo maji ya ziwa hutokea kuelekea Lualaba, na unapita katika wilaya ya Nyunzu. Kuueleza uhusiano kati ya mvua, mto huo na nyumba iliyofunikwa na maji kunahitaji mtu anayeweza kusoma takwimu na kumwuliza mtaalamu swali la pili, siyo la kwanza tu.

Kisha kuna usalama wa mwandishi mwenyewe katika zama za simu. Septemba 8, 2023, Stanis Bujakera, naibu mkurugenzi wa uchapishaji wa Actualité.cd na mwandishi wa Jeune Afrique na Reuters, alikamatwa Kinshasa kwa sababu ya makala kuhusu kifo cha mwanasiasa Chérubin Okende, ambayo haikuwa na jina lake. Upande wa mashtaka ulidai alitengeneza na kusambaza waraka wa kughushi wa idara ya usalama. Mahakamani hoja ziligusa programu za ujumbe na asili ya faili, yaani mambo ya kiufundi ambayo mwandishi wa kizazi kilichopita hakuhitaji kuyajua. Alihukumiwa kifungo cha miezi sita Machi 18, 2024, akatoka siku iliyofuata kwa kuwa alikuwa ameshakaa ndani muda huo.

Hapo ndipo masta nzuri ina nafasi. Haimfanyi mtu awe mwema. Inampa muda na zana za kufanya kile ambacho mbio za kila siku haziruhusu: kusoma mkataba, kuhakiki picha, kupima lugha ya mgogoro, kuzilinganisha redio za Nyunzu na zile za Rwanda, Burundi au Kenya. Mtafiti Marie-Soleil Frère wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels, aliyefariki mwaka 2021, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza vyombo vya habari vya Afrika ya Kati wakati wa vita. Kazi ya namna yake ni ushahidi kwamba chumba cha habari kinaweza kuchunguzwa kwa ukali uleule kinaochunguzia wengine. Tofauti ni kwamba mengi ya maandishi hayo yako kwa Kifaransa, katika maktaba ambazo mtangazaji wa Nyunzu hajawahi kuingia.

Somo la Tanzania

Wapo wanaoona njia fupi: sheria iseme kwamba asiye na shahada asitangaze. Tanzania imeshatembea sehemu ya njia hiyo.

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliweka utaratibu wa ithibati kwa waandishi, na kanuni zake za mwaka 2017 zikataja stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu. Waliokuwa chini ya kiwango hicho walipewa miaka mitano ya kujiendeleza. Watangazaji wa redio za mikoani walilazimika kuchagua kati ya kurudi shule na kutafuta kazi nyingine.

Faida yake ni kwamba suala la elimu halikuachwa tena kwa hiari ya mwenye redio. Hasara ni kwamba mzigo wa karo ulibebwa zaidi na mtangazaji mwenyewe, na wakosoaji waliona hatari ya serikali kushika ufunguo wa nani aitwe mwandishi. Mambo hayo mawili yangekuwa mazito zaidi Congo, ambako wilaya kama Nyunzu haina chuo cha kumpokea anayeamriwa kusoma. Kanuni kali bila darasa ingezima redio, isingeziboresha.

Congo tayari ina vyombo vyake vya usimamizi. Baraza la CSAC, lililowekwa na sheria ya mwaka 2011, linasimamia maadili ya utangazaji. Umoja wa waandishi, UNPC, hutoa kadi za kazi. Vyote viwili vina makao Kinshasa, na umbali wake na Nyunzu ni sehemu ya tatizo lilelile.

Bahasha hailipiwi kwa cheti

Jambo la mwisho ni fedha. Waandishi wa Congo wana neno "kupaje" kwa posho ambayo mwenye tukio humpa mwandishi ili habari yake itoke. Watanzania huiita bahasha. Kila mwalimu wa maadili huikemea darasani, na kila mhitimu hukutana nayo siku ya kwanza kazini.

Hakuna moduli ya masta inayoweza kushinda njaa ya mwezi mzima. Mwandishi asiye na mshahara anayepewa nauli na mwanasiasa hajakosa somo la maadili, amekosa mwajiri. Ndiyo maana mjadala wa elimu ukitenganishwa na mjadala wa malipo hugeuka kuwa mahubiri.

Kinachowezekana

Kuna hatua ambazo hazihitaji kusubiri amani kamili wala bajeti kubwa.

Moja ni kugeuza safari. Badala ya watangazaji kumi kuifuata Lubumbashi, wahadhiri wawili wanaweza kuja Kalemie kwa wiki kadhaa wakati wa likizo, na krediti zikahesabiwa. Mfumo mpya wa krediti unaruhusu masomo kugawanywa vipande kwa namna ambayo mfumo wa zamani haukuruhusu.

Nyingine ni mada za tasnifu. Kila mwaka wanafunzi wa habari huandika kazi za kuhitimu ambazo hubaki kwenye rafu. Kama sehemu yake ingelenga redio za Tanganyika, yaani zilivyoripoti mapigano ya Watwa na Waluba, zinavyopata fedha, na maneno yanayotumika na matokeo yake, kisha muhtasari ukatolewa kwa Kiswahili, redio hizo zingepata kitabu cha kazi bila kukinunua.

Ya tatu ni kumlipa anayerudi. Wafadhili wanaogharimia karo wanaweza kugharimia pia miaka miwili ya mshahara katika redio ya wilaya baada ya masomo. Ufadhili unaoishia siku ya mahafali unamsaidia mhitimu. Ule unaovuka siku hiyo unamsaidia pia msikilizaji.

Ya nne ni kuwatambua waliobaki. Mtangazaji aliyerusha habari Nyunzu katika miaka yote ya mapigano ana ujuzi ambao hakuna profesa anayeweza kuufundisha. Chuo kikuu kinachoupima ujuzi huo na kuuhesabu kama sehemu ya masomo kitapata wanafunzi bora kuliko kile kinachotazama cheti cha sekondari peke yake.

Mkataba wa amani unaweza kuandikwa Kalemie, na sheria ya habari Kinshasa. Lakini yakitokea tena yaliyotokea Aprili 30, 2015, watu wa Nyunzu hawatasubiri tamko la mji mkuu. Watawasha redio. Atakayekuwa upande wa pili wa kipaza sauti atakuwa na dakika zilezile chache, simu zilezile zinazopingana, na neno lilelile la kulisoma au kulifuta.